Watunza Bustani Wawili na Nyumba za Kisasa

Ukiingia katika jengo letu jipya la maabara saa tisa alasiri utadhani umeingia tanurini. Ukuta mzima wa upande wa magharibi ni kioo kitupu. Siku lilipofunguliwa tulishangilia sote, nami nikiwa mstari wa mbele, kwani tuliambiwa huo ndio usasa. Leo tunafunga mapazia na kuwasha taa mchana, na muhula uliopita mwenzetu mmoja alizirai katikati ya jaribio la Kemia. Basi katika mjadala wa chama chetu likazuka swali: huu ukuta wa kioo ulitoka wapi hata ukatufikia? Mimi nikapewa kazi ya kuchunguza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kumbe chanzo chake si msanifu wa majengo bali ni mtunza bustani! Joseph Paxton alikuwa msimamizi wa bustani za kabaila mmoja tajiri huko Chatsworth, Uingereza. Nchi ile ni ya baridi, na mimea ya kigeni haistahimili kukaa nje. Kwa hivyo Paxton aliijengea nyumba za vioo. Mwanga wa jua hupenya kioo kwa urahisi na kupasha joto kila kilichomo ndani, lakini joto lenyewe likitaka kutoka hukwama, na hewa ya moto ikabaki imefungiwa mle. Mwaka wa 1849 alifaulu kuchanuza humo yungiyungi la ajabu kutoka Amerika Kusini. Jani lake moja liliweza kumbeba bintiye mdogo, akasimama juu yake lisizame. Mbavu za jani hilo zilimfunza jinsi vyuma vyembamba vinavyoweza kubeba paa pana.

Mnamo 1851 London ilipoandaa maonyesho ya bidhaa za dunia, mchoro wa Paxton ndio uliokubaliwa. Jengo hilo, Crystal Palace, lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 560. Vipande vyake vya chuma na vioo vilitengenezwa viwandani kwa vipimo sawa, vikaletwa na kuunganishwa papo hapo kwa miezi michache tu. Wataalamu wengi huanzia hapo wanaposimulia historia ya majengo ya kisasa. Lakini kuna jambo ambalo hulipita mbio: hata katika London yenye mawingu, ilibidi paa hilo lifunikwe kwa vitambaa ili kupunguza joto. Nyumba ya maua ilikuwa imegeuzwa nyumba ya watu.

Mtunza bustani wa pili ni Mfaransa, Joseph Monier. Vyungu vyake vya maua vilikuwa vikivunjika ovyo, akaona atie waya ndani ya saruji. Mwaka wa 1867 serikali ikampa hati ya kuimiliki mbinu hiyo. Mjomba wangu ni mwashi, nami likizoni nilimwuliza, "Mjomba, kwani konkriti peke yake haitoshi?" Alicheka. "Mpwa wangu, konkriti ukiikandamiza ni jabali, ukiivuta ni biskuti." Ndiyo sababu nondo za boriti huwekwa zaidi upande wa chini. Mzigo ukilemea juu, boriti hupinda, na upande wa chini ndio unaovutika.

Tangu hapo ukuta ulianza kupoteza kazi yake ya kale ya kubeba nyumba. Huko Chicago, William Le Baron Jenney alijenga Home Insurance Building, lililokamilika 1885, orofa kumi zilizobebwa hasa na kiunzi cha chuma. Nayo lifti ya Elisha Otis, isiyoporomoka hata kamba ikikatika, ilikuwa imekwisha kuonyeshwa New York mwaka wa 1854. Nguzo zikibeba mzigo, ukuta ni pazia tu, na pazia laweza kuwa la kioo. Walter Gropius alifanya hivyo katika shule ya Bauhaus, Dessau, Ujerumani, 1926. Mies van der Rohe, mkuu wa mwisho wa shule hiyo kabla ifungwe 1933, akaja kupandisha kioo orofa 38 katika Seagram Building, New York, 1958. Miji ya baridi ikaiga, na ya joto pia. Majengo ya aina hii hupozwa kwa mitambo, nayo mitambo hula umeme.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana tunafunzwa majina ya mabingwa kana kwamba hawakukosea. Mwaka wa 1933 Le Corbusier alimaliza kujenga makao ya maskini mjini Paris, Cité de Refuge, yenye ukuta wa kioo usiofunguka, ukielekea kusini penye jua. Mitambo ya kupoza haikuwekwa kwa kukosa pesa. Majira ya joto yalipoingia, wakazi wakaanza kuhema. Mwenyewe alishikilia kuwa madirisha yasitobolewe! Mwishowe yalitobolewa, na baada ya vita vikingajua vya konkriti vikaongezwa. Somo hilo lilizaa matunda Rio de Janeiro, ambako jengo la wizara ya elimu lilianza kujengwa 1937, yeye akiwa mshauri. Lúcio Costa, Oscar Niemeyer na wenzao waliuwekea ukuta wa kaskazini mabapa yanayogeuzwa kulingana na jua. Kwa nini kaskazini? Kwa sababu Rio iko mbali kusini mwa ikweta, na jua lao la adhuhuri hukaa upande huo.

Hata kwetu alikuja bingwa mmoja. Ernst May, aliyewajengea wafanyakazi wa Frankfurt maelfu ya nyumba zilizopangwa zipate jua, alihamia Tanganyika mwaka wa 1934. Baadaye alichora mpango wa kupanua Kampala na pia hoteli ya Oceanic, Mombasa. Aliyekuwa akisaka jua sasa ikambidi asake kivuli na upepo. Nalo jumba la mikutano la KICC, Nairobi, kazi ya Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso iliyokamilika 1973, lina orofa 28 na ni la kisasa kabisa, ila kuta zake si kioo kitupu.

Sisi tuko karibu na ikweta. Jua la saa sita liko utosini, na paa lenye upenu mpana hulizuia. Adui ni jua la alasiri, linaloshuka na kupenya chini ya upenu. Dawa rahisi ni kugeuza jengo, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Hilo haligharimu hata shilingi likifanywa mapema.

Nimelisema kwa sababu mchoro wa maktaba yetu mpya umetundikwa kwenye ubao wa matangazo. Ni kioo tena, na ni magharibi tena. Chama kimemwandikia Mwalimu Mkuu barua na kuambatisha mchoro wa mjomba. Jibu bado. Jana jioni nilipita kiwanjani nikakuta vigingi vimechomekwa na kamba zimefungwa, lakini msingi haujachimbwa.