FAHAMU: Jinsi ya Kusoma Ripoti ya Malipo ya XML

Mashua za Kiunga hurudi kwa kufuata maji, hata ikiwa ni usiku wa manane. Chukua mfano wa kikundi cha wavuvi kinachopokea malipo kwa simu. Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, mnunuzi analipa shilingi 4,000. Jioni yake mweka hazina anajumlisha ripoti ya Jumanne, na malipo hayo hayamo. Kijana aliyekuwa mizani anaanza kutazamwa kwa jicho baya. Kumbe pesa ziliingia, ila ripoti imeziandika Jumatatu.

Tangu M-PESA ianze nchini Kenya mwaka 2007, wafanyabiashara wengi wamezoea kupokea pesa kwa simu. Benki na kampuni za malipo huweza kuwapa ripoti ya PDF, ya jedwali, au ya XML. XML ni utaratibu wa kuandika data uliopitishwa mwaka 1998. Hutumika sana pale programu moja inapopelekea nyingine taarifa, kama vile mfumo wa malipo na programu ya hesabu.

Faili ya XML ni maandishi ya kawaida. Kila taarifa huwekwa katikati ya lebo mbili, ya kufungua na ya kufunga. Ya kufunga huwa na mkwaju. Huu ni mfano wa kufundishia:

<ripoti>
  <muamala>
    <nambari>MFANO00001</nambari>
    <wakati>2025-03-03T23:30:00Z</wakati>
    <kiasi sarafu="KES">4000.00</kiasi>
    <ada>22.00</ada>
    <halisi>3978.00</halisi>
    <hali>IMEKAMILIKA</hali>
  </muamala>
</ripoti>

Ripoti ni kama kapu, na kila muamala ni fungu ndani yake. Ukiwa na malipo 30, utaona mafungu 30. Lebo hutofautiana kwa kila kampuni, na nyingi huwa za Kiingereza. Omba orodha ya maana zake kwa anayekupa ripoti.

Wakati. Tarehe huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Herufi T hutenga tarehe na saa. Herufi Z ina maana kwamba saa hiyo ni ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya Kenya kwa saa 3. Ongeza saa 3 kwenye 23:30 ya tarehe 3, upate 02:30 ya tarehe 4, yaani saa nane na nusu usiku. Hapo ndipo shilingi 4,000 zilipopotelea. Ripoti ikiandika +03:00 badala ya Z, hiyo tayari ni saa ya Kenya, usiongeze kitu.

Kiasi, ada na halisi. Kiasi ni alicholipa mteja. Ada ni makato ya huduma. Halisi ni kilichobaki kwako. Kiasi ukitoa ada lazima kilingane na halisi: 4,000 kutoa 22 ni 3,978. Anayelinganisha mauzo ya daftari na pesa za akaunti bila kuhesabu ada ataona upungufu kila siku.

Hali. Malipo yaliyorudishwa kwa mteja huweza kubaki katika ripoti. Usiyajumlishe kama mauzo.

Nambari. Kila muamala una nambari yake pekee. Ikitokea mara mbili, chunguza kama malipo yamehesabiwa maradufu au ni rekodi ya kurudishwa kwa pesa.

Faili ikikataa kufunguka, huenda kuna lebo isiyofungwa, au herufi kubwa na ndogo zimechanganywa: kwa XML, Ada na ada ni lebo mbili tofauti. Alama ya & nayo huleta shida. Jina la duka kama «Samaki & Barafu» lazima liandikwe Samaki &amp; Barafu ndani ya faili. Usirekebishe faili asili. Tengeneza nakala, au omba ripoti itolewe upya.

Ripoti pia huweza kuwa na majina na nambari za simu za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Usiitume katika kundi la WhatsApp ili kutafuta msaada, na usimpe mtu yeyote nambari yako ya siri, hata akisema anakusaidia kuisoma.

Kabla ya kufunga hesabu ya siku, mweka hazina na mwenzake waketi pamoja na kukagua mambo manne: idadi ya miamala, saa, makato na hali. Tofauti ikibaki baada ya hapo, wapeleke nambari ya muamala kwa mtoa huduma. Wakishapata jibu ndipo waulizane nani alikuwa mizani.