SOMO LA UTUNZAJI WA GARI LA CHAMA: KUBADILI DISKI ZA BREKI NA KUTOA UPEPO



Siku moja nilipokuwa nikikagua vitabu vya chama kimoja cha msingi upande wa Butiama, nilikuta katika hati za malipo kwamba chama kilinunua mafuta ya breki mara 5 katika muda wa miezi 3. Stakabadhi zilikuwapo zote na saini zilikuwa sahihi, hata kwa kanuni za hesabu sikuwa na neno. Nilipomwuliza Ndugu Katibu sababu, alinijibu kwa utulivu kwamba gari lile linakula sana mafuta ya breki. Nilifunga daftari, tukatoka nje kulitazama. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limelowa kwa upande wa ndani, na diski yake ilikuwa na mifereji ambayo ukucha uliweza kuingia. Gari hilo lilikuwa lipeleke pamba Bunda siku ya pili yake, na wanachama kadhaa walikuwa wamekwisha kuomba nafasi ya kupanda juu ya magunia.

Yapasa ieleweke tangu mwanzo kwamba mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Yamefungiwa ndani ya mabomba. Dereva akanyagapo pedali, masta silinda husukuma mafuta hayo hadi katika kalipa, pistoni hutoka, na pedi hubana diski. Pedi zikipungua unene, mafuta katika kikopo hushuka kidogo kidogo kwa muda wa miezi mingi. Yakishuka upesi, yanavuja. Kwa hiyo Katibu akiona stakabadhi ya pili ya mafuta ya breki ndani ya muda mfupi, asiidhinishe malipo kabla ya kuinama chini ya gari.

Jambo la pili la kufahamu ni joto. Gari la tani 2 lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, likisimamishwa, breki zake hupokea joto linalotosha kuchemsha kama lita 1.5 za maji ya baridi. Gari hilo hilo likishuka mteremko wenye kimo cha mita 100 kwa kutegemea breki peke yake, joto huwa kama mara 4 ya hilo. Wenzetu wanaotoka Butiama na mzigo kuteremka kuelekea barabara kuu ya Musoma na Bunda na wakumbuke hesabu hii, nao watumie gia ndogo. Mafuta ya breki ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki mpaka nyuzi 205 za Sentigredi au zaidi. Lakini yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na yakishakunywa maji huweza kuchemka kwenye nyuzi 140 tu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanyika. Pedali huzama hadi sakafuni ilhali gari linaendelea kwenda.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, ambayo mtu mwenye subira aweza kuifanya nyumbani au katika uwanja wa chama. Gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe, na nati za gurudumu zilegezwe kabla ya kuinua. Udongo mweusi wa mbuga zetu humeza jeki, basi chini yake uwekwe ubao mpana. Gari likisha kuinuliwa liketishwe juu ya stendi au gogo nene. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Gurudumu likitoka, kalipa hufunguliwa bolti zake na kufungwa kwa waya pembeni. Isiachwe ining'inie kwa mpira wake wa mafuta, kwani mpira ukipasuka kwa ndani hutauona. Katika magari mengi madogo diski imevikwa tu juu ya habu, na hutoka kwa kugongwa taratibu, au kwa kukaza bolti mbili katika matundu yenye hesi yaliyomo katika diski nyingi za Kijapani. Katika Land Cruiser nyingi za kazi, diski imefungwa kwa bolti nyuma ya habu, hata hapana budi kufungua habu na beringi. Hapo mimi nashauri aitwe fundi. Vumbi la pedi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu, maana pedi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo hudhuru mapafu. Lioshwe kwa maji.

Uso wa habu usuguliwe kwa brashi ya waya mpaka kutu iishe, la sivyo diski mpya itayumba na pedali itatetemeka. Diski mpya hupakwa mafuta ya kuzuia kutu. Ioshwe kwa maji moto na sabuni, ikaushwe. Kabla ya kuirudisha pistoni ndani ili pedi mpya zipate nafasi, tazama kikopo: kikiwa kimejaa, punguza mafuta kwanza, kwa kuwa yatafurika na kubabua rangi ya gari.

Hapa ndipo nilipobishana na Kamati ya chama kile. Walitaka kununua diski moja, ya upande ulioharibika, ili kuokoa fedha za wanachama. Nia ilikuwa njema, lakini diski na pedi hubadilishwa pande zote mbili za ekseli kwa pamoja. Breki za mbele ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha gari, na upande mmoja ukishika kuliko wa pili, gari huvutwa kando. Mwishowe Kamati ilikubali kununua jozi, na kalipa iliyovuja ikafunguliwa na fundi wa Bunda na kutiwa raba mpya.

Ikiwa mabomba hayakufunguliwa, si lazima kutoa upepo. Ila mafuta yakiwa meusi ni vema kuyabadili wakati huo huo. Ikiwa yamefunguliwa, kama katika gari lile, ni lazima. Kazi hii yataka watu wawili. Katika magari yetu ya usukani wa kulia, aghalabu huanzwa gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda: nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Gari lenye breki za kompyuta lifuate kitabu chake. Mpira mwembamba unaopenya nuru huvikwa kwenye nipeli, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Mmoja hukanyaga pedali taratibu na kuishikilia; wa chini hulegeza nipeli, mafuta na mapovu hutoka, naye hukaza nipeli kabla mwenzake hajainua mguu. Mguu ukiinuliwa mapema, upepo hurudi ndani na kazi huanza upya. Basi wasemezane kwa sauti: "Nimekanyaga!" "Nimefunga, achia!" Kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja, na kijazwe mafuta ya kopo jipya lililofungwa, si yale ya chupani.

Mapovu yakiisha na nati zikikazwa, pedali ikanyagwe mara kadhaa gari likiwa limesimama, mpaka iwe ngumu juu. Jambo hili husahauliwa hata na mafundi: baada ya pistoni kurudishwa ndani, mkanyago wa kwanza haushiki kitu. Pedali ikibaki laini, au ikizama polepole chini ya mguu, gari lisitoke uwanjani. Ikiwa ngumu, lijaribiwe tupu kwa mwendo mdogo mahali pasipo watu, kisha magurudumu yachunguzwe kama kuna unyevu.

Katibu aandike katika daftari la gari tarehe, kilomita, vipande vilivyonunuliwa na majina ya waliofanya kazi. Mafuta machafu ni sumu. Yasiwekwe katika chupa ya soda, ambayo mtoto aweza kuinywa.