Mtini na Nyigu Wake

Mwenye shamba wa mfano wa Injili (Lk 13, 6-9) aliamuru mtini wake ukatwe, kwa kuwa miaka mitatu haukuzaa. Mtunzaji akamsihi aungoje mwaka mmoja zaidi. Alikuwa na busara, kwa maana mti usiozaa si lazima uwe mbaya. Pengine umekosa msaidizi, naye aweza kuwa mdogo kuliko chembe ya mtama.

Maua ya mtini hayaonekani kwa nje. Yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, na mlango wake ni tundu jembamba. Nyigu jike huzaliwa ndani ya tini ya mwitu, hutoka amejaa vumbi la maua, ndiyo chavua, kisha huingia katika tini nyingine. Mlangoni mabawa yake hukatika. Hatoki tena, huyapa maua chavua yake, akafa.

Wakulima wa Smyrna, mji uitwao leo Izmir, katika Uturuki, hutundika tini za mwitu matawini mwa mitini yao, ili nyigu watoke humo. Katika miaka ya 1880 mitini ya Smyrna ilipandwa California, Marekani. Ilistawi, lakini tini zake zilianguka mbichi mwaka hata mwaka. Nyigu walipoletwa na kuzoea nchi, mwaka 1899, tini zikaiva. Mti ulikuwa mwema. Aliyekosekana alikuwa mdudu. Iko pia mitini ya aina nyingine, iivishayo bila nyigu.

Jamaa ya mtini ni mkuyu, umeao kando ya vijito vya Haut-Katanga. Zakayo alipanda mti wa namna hiyo (Lk 19, 4). Katika Misri nyigu wa mkuyu hayuko, hivyo tangu kale watu walichanja makuyu kwa kisu ili yaive. Huku kwetu Mungu amempa mkuyu nyigu wake. Basi avunjaye kuyu na kuona wadudu ndani asiwadharau. Lakini nyigu huyo huishi siku moja au mbili tu. Asipopata mkuyu mwingine wenye makuyu machanga, hufa bila kizazi.

Karibu na Lubumbashi miti mingi hukatwa kwa ajili ya makala. Akataye mkuyu baada ya mkuyu huvunja nyumba ya nyigu, na mkuyu uliobaki waweza kukosa matunda. Kabla ya kushika shoka, uliza kwanza: mti huu umekosa nini?

Maswali
1. Maua ya mtini yako wapi?
2. Kwa nini tini za California zilianguka mbichi?
3. Katika kijiji chako imebaki mikuyu mingapi?