Mosi za Msituni: Tangi la Maji Juu ya Shamba Lako

Wiki hii tunaacha mbegu na dawa kidogo. Kijana mmoja anayelima kabichi upande wa Mgeta ameniuliza: "Afisa, yale manyoya ya kijani kwenye miti ya msituni, naweza kuyabandua nikawauzia wenye vitalu vya maua?" Jibu ni hapana. Na kabla hatujafika kwenye sheria, sababu ya kwanza ni mfuko wako.

Mosi ni nini?

Vimea vile vinaitwa mosi (siyo mosi ya kuhesabu!). Siyo kuvu, wala hazinyonyi mti. Mti kwao ni pa kukaa tu. Hazina mizizi ya kweli, zina vinyuzi vya kujishikizia. Jani la mosi nyingi lina unene wa seli moja tu, na halina nta nzito kama jani la kabichi. Kwa hiyo hunywa maji kwa mwili mzima, kama sponji.

Duniani kuna aina zipatazo 12,000. Katika nchi za joto hustawi zaidi kwenye misitu ya milimani. Kwa nini? Bondeni usiku ni wa joto, na mosi hutumia usiku chakula kingi ilichojitengenezea mchana kwenye kivuli. Juu kuna baridi na ukungu, kwa hiyo hubaki na akiba ya kukulia.

Tena kila aina huchagua makazi: gogo linalooza, jiwe la kijitoni, gome la mti mzee, vitawi vya juu. Ukiangusha mti mmoja mkubwa umebomoa nyumba nyingi kwa mpigo. Kupanda mche mahali pake ni vizuri, lakini gome la mche halijawa na mikunjo na unyevu wa mti wa miaka mingi.

Sasa hesabu ya maji

Mtaalamu wa Hungaria, Tamás Pócs, alipima jambo hili hapahapa kwenye Milima ya Uluguru, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1980. Kwenye msitu mfupi wa juu uliojaa mosi, mimea inayoota juu ya miti iliweza kushika takriban lita 50,000 za maji kwa hekta katika mvua moja. Kwenye msitu wa chini zaidi, ambako mimea hiyo ni michache, ilikuwa takriban lita 15,000.

Tufanye hesabu ya shambani. Lita 50,000 ni matangi 10 ya lita 5,000. Kwa ekari moja ni kama matangi manne. Sehemu ya maji hayo hurudi hewani, ni kweli. Lakini mengine hudondoka polepole, tone kwa tone, na udongo unapata muda wa kuyanywa. Ukungu nao, hata bila mvua, hunaswa na mosi ukageuka matone. Haba na haba hujaza kibaba.

Bila sponji hiyo, mvua kubwa hupiga ardhi moja kwa moja. Leo mfereji wako unajaa matope, kiangazi kikifika unakauka. Na mto Ruvu, unaotegemewa na Dar es Salaam, unaanzia milima hiyohiyo. Yaani maji ya shamba lako na ya mteja wako wa mjini yanatoka mlima mmoja.

Ufanye nini?

1. Usibandue mosi. Hukua polepole, unachojaza gunia asubuhi moja kinaweza kuchukua miaka mingi kurudi. Na ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru huruhusiwi kuchuma mimea bila kibali.
2. Kwenye kitalu tumia vitu vingine. Makumbi ya nazi yaliyosagwa, pumba za mpunga na mboji iliyoiva vinafanya kazi nzuri.
3. Usilime mpaka kwenye shina la msitu. Ukifungua ukingo, jua na upepo huingia na kukausha mosi za ndani. Acha ukanda wa miti na vichaka.
4. Usisafishe shamba kwa moto. Mosi ikikauka huwaka upesi. Masalia ya mazao tandaza kama matandazo.
5. Heshimu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto.
6. Jiunge na jumuiya ya watumiaji maji ya eneo lako. Anayekata miti juu anakuharibia wewe wa chini. Mkikaa kikao kimoja mtaelewana mapema.

Zoezi la nyumbani

Chukua mosi kiganja kimoja kwenye ukuta wa zamani nyumbani, siyo msituni. Ianike kivulini mpaka ikauke, ipime kwenye mizani ya jikoni. Iloweke nusu saa, ichuruzishe, ipime tena. Gawanya uzito wa pili kwa wa kwanza. Jibu utakalopata ndilo upeleke kwenye kikao cha maji. Litaeleweka haraka kuliko hotuba yangu.

Kazi njema, tukutane shambani.