Mali ya Mume na Mali ya Mke

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, jueni, ndugu zangu, ya kuwa ndoa haichanganyi mali. Cha mume ni cha mume na cha mke ni cha mke, wajapokaa nyumba moja miaka arobaini.

Wazee wetu waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji waliandikiana hati za madeni ya misafara. Hata Tippu Tip alichukua mali kwa Taria Topan, tajiri wa Unguja. Sisi twamwandikia hati mwenye duka, lakini mke aliyeuza mpunga wake akatutia fedha mkononi hatumwandikii hata mstari mmoja.

Tazameni hesabu. Mtu wa Tabora amejenga nyumba ya shilingi 24,000,000, na katika hizo 8,000,000 ni za mkewe. Akafa bila deni wala wasia, akamwacha mke huyo na watoto. Ikithibiti kuwa walishirikiana kuimiliki, thuluthi ya nyumba si mali ya maiti, ni yake mwenyewe. Kisha atarithi thumuni ya 16,000,000, ndiyo 2,000,000, jumla 10,000,000. Pasipo hati wala shahidi, warithi watasema, "Alimpa mumewe zawadi," naye atapata thumuni ya yote, ndiyo 3,000,000. Nimekaa katika kugawa mirathi nikaona mjane akilia kwa jambo hili, na watoto wa mumewe wakila mali yake wakidhani ni halali.

Basi hati iseme nini? Haitoshi kuandika, "Tukifa, nusu kwa nusu." Huo ni wasia kwa mrithi, nao hautapita ila warithi wengine waridhie baada ya mauti. Wala haitoshi kusema, "Tulifanya kazi pamoja," kwani shirika ya kazi za mikono si sahihi katika madhehebu yetu ya Shafii. Ibainishwe: fedha zile ni karadha, au hiba, au fungu lake katika kiwanja na nyumba? Na hiba isiyokabidhiwa haijawa milki.

Wala asidhani mtu kuwa kunyamaza kutamfaa. Sheria ya Ndoa ya 1971, fungu la 114, yaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, ndoa ivunjwapo. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani iliamua kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango.

Hati iandikwe nakala mbili, kwa tarehe, kiasi na mipaka ya kiwanja, mbele ya mashahidi wawili waadilifu. Nakala moja akae nayo mke.