Svante Pääbo, Mtu Aliyeisomesha Mifupa

Waswahili husema vyaelea, vimeundwa. Leo nataka tujifunze juu ya Mswidi aitwaye Svante Pääbo, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 2022 kwa kusoma DNA ya watu waliokufa makumi ya maelfu ya miaka iliyopita.

Alizaliwa Stockholm mwaka wa 1955, akalelewa na mamake, mwanakemia kutoka Estonia. Babake, Sune Bergström, alipata Nobel mwaka wa 1982, lakini hakuishi nao. Huko Uppsala kijana huyu alisomea udaktari wa falsafa, na kazi aliyopewa ilikuwa ya virusi. Lakini chini kwa chini alikuwa na swali lake: je, DNA yaweza kubaki ndani ya maiti iliyokauka? Akanunua ini la ndama, akalikausha katika joko la maabara bila kumwambia profesa wake. Ini likanuka, siri ikakaribia kufichuka! Hata hivyo DNA ilipatikana. Basi akageukia maiti za Misri ya kale, na mwaka wa 1985 jarida la Nature likachapisha habari zake za DNA ya mtoto aliyekufa miaka 2,400 hivi iliyopita.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Baadaye ilionekana kwamba yamkini DNA ile ilikuwa ya watu wa siku hizi walioishika maiti hiyo. Hebu fikiria daftari lako limenyeshewa, likachanika vipande vya herufi hamsini hamsini, kisha likatupwa kwenye pipa la takataka za shule nzima. DNA ya kale ndivyo ilivyo. Mtu akifa inakatikakatika, bakteria wanaingia mfupani, na anayeuchimba naye anaacha jasho na mate yake. Katika mifupa ya Neanderthal aliyoisoma Pääbo, zaidi ya 90 katika kila 100 ya vipande vilikuwa vya vijidudu tu. Kwa hivyo alijenga vyumba safi mno, wafanyakazi wakajifunika kichwa hadi miguu. Kwa maoni yangu usafi huu ndio ugunduzi wake mkubwa, ingawa haupigiwi makofi.

Neanderthal walikuwa binadamu wa aina nyingine walioishi Ulaya na Asia ya magharibi, wakatoweka miaka 40,000 hivi iliyopita. Mwaka wa 1997 Pääbo na wenzake walisoma kipande cha DNA ya mitokondria kutoka mfupa uliopatikana Ujerumani mwaka wa 1856. Kilikuwa tofauti kabisa na chetu, na wengi wakasema hao hawakuzaa na babu zetu. Lakini walimu wa bayolojia wametufunza kwamba mitokondria hutoka kwa mama peke yake, kwa hivyo hiyo ilikuwa nusu ya hadithi. Mwaka wa 2010, kutokana na mifupa ya pango la Vindija huko Kroatia, kundi lake lilitoa rasimu ya jenomu yenyewe. Kumbe walizaa! Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana asilimia 1 hadi 4 ya DNA hiyo. Sisi Waafrika tulidhaniwa hatuna, lakini mwaka wa 2020 watafiti wengine walionyesha kwamba tunayo pia, kidogo sana. Mwaka huohuo wa 2010, mfupa mdogo wa kidole kutoka pango la Denisova, Siberia, ulifichua watu wengine ambao hakuna aliyewajua.

Mbinu hizi zimefika hata kwetu pwani. Mwaka wa 2023 kundi la wanasayansi, akiwemo mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba, lilichapisha matokeo ya watu 80 waliozikwa zamani Mtwapa, Manda, Kilwa na kwingineko. DNA ya upande wa mama ilikuwa karibu yote ya Kiafrika, na ya upande wa baba nyingi ilitoka Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka wa 1000. Wazee wa pwani waliokuwa wakisimulia habari za Washirazi hawakuwa wakitunga tu, na waliosema miji ile ilijengwa na wageni peke yao sasa wana kazi ya kueleza hao akina mama walitoka wapi.