Mavazi Chuoni: Soma Kanuni Kabla ya Kushona Suti

Mtoto akipata nafasi ya chuo, jamaa huharakisha kumnunulia nguo hata kabla ya kusoma karatasi zilizoambatanishwa na barua yake. Anzeni na karatasi, maana vyuo vya hapa Nakuru havifanani. Kabarak, kilichoanzishwa na Rais Moi, ni chuo cha Kikristo chenye kanuni za mavazi zilizoandikwa. Egerton ni chuo cha umma, na ukumbi mmoja wa mihadhara hukusanya jinzi, buibui na suti. Cha kuogopa Njoro, kilipo chuo hicho, ni baridi: mji huo uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Sweta nzito itangulie suti.

Suti ina siku zake: mahojiano, kutetea tasnifu, na hasa mazoezi ya kufundisha. Ukiwa mwalimu wa mazoezi, unafuata desturi ya shule iliyokupokea. Kuna shule zinazotaka tai kila siku na sketi inayopita magoti. Muulize naibu wa mwalimu mkuu kabla ya Jumatatu ya kwanza. Suti moja ya mitumba iliyorekebishwa na fundi, na mashati mawili au matatu ya kubadilishia, yatakufikisha mwisho wa muhula.

Yasiyoandikwa ndiyo magumu. Mhadhiri mzee akivaa jinzi iliyochakaa huitwa msomi asiyejali makuu. Mhadhiri wa kike aliye kijana akivaa jinzi hiyohiyo huulizwa mwalimu yuko wapi. Langoni pia, sketi hukaguliwa kuliko kaptura. Mlinzi akikurudisha, mwombe kwa upole akuonyeshe kanuni, kisha upeleke suala hilo kwa mkuu wa wanafunzi. Maoni ya mtu hayana nguvu ya kanuni, ingawa kubishana langoni asubuhi ya mtihani ni hasara yako.

Katiba ya 2010, kifungu cha 27, inataja mavazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Usidhani basi kwamba kila kanuni ni batili. Januari 2019 Mahakama ya Juu ilitengua uamuzi ulioruhusu hijabu katika shule moja ya Isiolo, kwa sababu ya namna madai yalivyowasilishwa. Septemba mwaka huohuo, Mahakama Kuu ilimlinda mwanafunzi wa Kirastafari aliyekuwa amefukuzwa shuleni kwa ajili ya nywele zake. Kesi zote mbili zilihusu shule za sekondari, lakini funzo la utaratibu linakufaa: vazi lako likiwa la imani, andika barua mapema, ueleze imani hiyo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri.

Kuhusu mahafali, joho si la kununua. Huazimwa kwa malipo. Vaa nguo nyepesi ndani, kwa kuwa kitambaa hicho ni kizito juani. Kabla ya kuondoka nalo, kagua kama limeraruka, uliza siku ya kulirudisha, na utunze risiti.